Muulize Mwalimu: "Nilidhani kozi ya nyota ni mteremko"

*Safu hii hujibiwa na mwalimu mstaafu wa fizikia, mkazi wa Ujiji, Kigoma. Barua za wasomaji zimefupishwa.*

Shikamoo Mwalimu. Nipo mwaka wa kwanza, shahada ya ualimu, masomo ya sanaa. Kidato cha sita nilisoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Chuo kinataka kila mtu achukue kozi moja ya nje ya fani yake, nami nikachagua Utangulizi wa Astronomia kwa sababu kaka zetu wa mwaka wa tatu walisema ni mteremko: unatazama picha za sayari, unajibu maswali ya kuchagua, unaondoka na A yako. Wiki ya pili mhadhiri akaandika ubaoni P² = a³. Wiki ya tatu akaleta logi (logarithimu) za mng'ao wa nyota. Halafu katupa kazi ya kuchora mwezi kila usiku, na kitabu tunachotumia ni cha Marekani. Ninachokiona angani hakifanani na michoro yake. Sasa tuko likizo fupi, nipo nyumbani Katubuka. Tukirudi nina siku chache tu za kubadilisha kozi. Niiache? Fizikia kidato cha nne nilipata D, na sapu, yaani mtihani wa marudio, mwaka wa kwanza siitaki. — Kijana wa Katubuka

Marahaba, mwanangu. Usiiache. Ila sababu iliyokupeleka huko ni mbovu, na usipoibadilisha utaniandikia tena mwisho wa muhula, safari hiyo kuhusu sapu. Hao kaka zako, kabla hujawasikiliza tena, waombe wakuonyeshe matokeo yao.

Anayesoma kemia ana chupa yake mezani. Anayesoma udaktari ana mgonjwa wa kumshika. Anayesoma nyota hana kitu mkononi isipokuwa nuru iliyomfikia. Ya jua imetumia dakika nane na sekunde ishirini. Ya Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, imetumia miaka 8.6. Kwa nuru hiyo peke yake anatakiwa aseme nyota iko umbali gani, ina joto kiasi gani na imeundwa na nini. Mwaka 1925 msichana wa Kiingereza aliyekuwa akisoma Marekani, Cecilia Payne, aliichambua nuru ya nyota akaandika kwamba nyota ni haidrojeni na heli kwa sehemu kubwa kabisa. Mkubwa mmoja wa taaluma akamwambia haiwezekani. Miaka michache baadaye mkubwa huyohuyo akakubali kwamba binti alikuwa sahihi. Binti hakuwa na kipande cha nyota mfukoni. Alikuwa na hesabu. Ndiyo maana mhadhiri wako kaanza na ubao.

Na hesabu yenyewe usiiogope mpaka uitazame usoni. Ile P² = a³ ni kanuni ya tatu ya Kepler, aliyoitangaza mwaka 1619. P ni miaka ambayo sayari inatumia kulizunguka jua. Herufi a ni umbali wake kutoka kwenye jua, ukihesabu umbali wa dunia kuwa 1, yaani kilomita milioni 150 hivi. Chukua sayari ya Mshtarii (Jupiter): umbali wake ni 5.2. Zidisha 5.2 mara 5.2 mara 5.2, unapata 140.6. Sasa tafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 140.6. Simu yako itakwambia 11.86. Mshtarii unatumia karibu miaka kumi na miwili kulizunguka jua, na umeijua safari hiyo ukiwa umekaa kwenye mkeka Katubuka. D yako ya kidato cha nne imekuzuia wapi hapo?

Logi zinahitaji nafasi zaidi, na hapa mtoto wa Kigoma ana bahati kuliko aliyeandikiwa kile kitabu. Shuka Kibirizi usiku wa giza, utazame ziwani wavuvi wa dagaa wakiwa kazini. Chukulia kwamba taa zao zote ni za nguvu moja. Taa iliyo mbali mara mbili haikufikii kwa nusu ya mwanga, inakufikia kwa robo. Iliyo mbali mara tatu, sehemu moja ya tisa. Kwa hiyo ukijua nguvu ya taa na ukapima ufifi wake, umbali unautoa bila kupanda mtumbwi. Wanaastronomia wanafanya hivyohivyo, ila shida yao ni kwamba nyota si za nguvu moja. Iliyofifia yaweza kuwa ndogo na ya karibu, au kubwa na ya mbali mno. Henrietta Leavitt, aliyekuwa akichunguza picha za nyota kwenye vioo pale Harvard, alionyesha mwaka 1912 kwamba kuna jamii ya nyota zinazong'aa na kufifia kwa kupokezana, na kwamba kadiri nyota ya jamii hiyo inavyochukua muda mrefu kumaliza mzunguko wake wa kung'aa na kufifia, ndivyo nguvu yake halisi ilivyo kubwa. Nyota inakutajia yenyewe nguvu ya taa yake. Edwin Hubble alitumia nyota hizo miaka ya 1920 kuonyesha kwamba Andromeda iko nje kabisa ya galaksi yetu, kwamba nayo ni galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, inayojitegemea.

Logi zinaingia kwa sababu ya mpango wa kizamani wa kupanga nyota kwa madaraja ya mng'ao. Tofauti ya madaraja matano maana yake ni mng'ao mara 100. Daraja moja ni kama mara 2.5. Kila daraja ni kuzidisha tena, na logi ndizo zinazogeuza kuzidisha huko kuwa kujumlisha. Na mpango umepinduka: namba ndogo ndiyo nyota kali. Sirius ni hasi 1.46, na nyota hafifu kabisa unayoweza kuiona kwa macho matupu penye giza ni kama 6. Mtihani ukija, nusu ya darasa litakosa hapo kwa kudhani kubwa ni kubwa. Wewe usiwemo.

Sasa hicho kitabu cha Marekani. Kitabu hakina kosa, kimeandikwa tu na watu waliosimama mahali pengine. Kinasema jua la adhuhuri liko upande wa kusini. Kigoma tuko nyuzi 5 hivi kusini ya ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua la adhuhuri liko kaskazini yetu na kivuli chako kinalala kusini. Desemba linahamia kusini na kivuli kinageuka. Katikati ya hapo, karibu na tarehe 8 Machi na tena karibu na tarehe 5 Oktoba, linapita utosini kabisa, na mti uliosimama wima haupati kivuli. Kitabu kinakusifia Nyota ya Kaskazini. Sisi iko chini ya upeo wa macho, usipoteze usiku kuitafuta. Kundinyota la Orion, lenye umbo la mwindaji mwenye upanga, wao wanaliona limesimama upande wa kusini. Hapa kwetu mwanzoni mwa Februari, kama saa nne usiku, ule upanga wake unapita juu ya utosi wako. Lala chali uwanjani utazame Betelgeuse ilivyo nyekundu na Rigel ilivyo nyeupe ya kibuluu. Hiyo ndiyo mada yako ya rangi na joto: nyekundu ina joto dogo, ya kibuluu kubwa. Na Alpha Centauri, jirani wa jua letu kwa miaka ya nuru 4.4 hivi, wao huko kwenye majimbo mengi hawaioni. Wewe unaiona, karibu na Msalaba wa Kusini.

Kuna jambo jingine ambalo kitabu hakitakwambia na wewe wa HGL utalifurahia. Chomeka kijiti wima uwanjani, tia alama ncha ya kivuli kila baada ya dakika chache. Kivuli kifupi kuliko vyote hutakipata saa sita. Kigoma utakipata kati ya saa saba kasoro robo na saa saba na robo, kutegemea tarehe. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo 45, ambayo haigusi hata ardhi ya Tanzania; inapita kule karibu na Mogadishu. Sisi tuko 29.6. Kila nyuzi 15 ni saa moja. Piga hesabu uone kama hukuielewa longitudo kidato cha pili. Mwanafunzi atakayepeleka grafu ya kivuli cha namna hiyo kwa mhadhiri hatahangaika na alama za kozi-weki.

Kazi ya mwezi ndiyo nzuri kuliko zote na ndiyo watu huiibia, wanachora usiku mmoja kwa kukopi kwenye simu. Mhadhiri anajua, huwezi kuuona mwezi kila siku bila wingu hata moja msimu wa mvua. Penye mawingu andika "mawingu". Toka saa ileile kila usiku. Nyoosha mkono, kunja ngumi: upana wa ngumi yako ni kama nyuzi 10. Mwezi unasogea kuelekea mashariki katikati ya nyota nyuzi 13 kwa siku, ngumi moja na ushee, na baada ya siku mbili utaanza kuuona ukihama. Kuhusu michoro isiyofanana: kitabu kinachora mwezi mwandamo umesimama, upande wa kulia una nuru. Kwetu mara nyingi umelala chali, pembe juu. Tena ukiutazama ukielekea kaskazini, mashariki iko kuliani kwako. Ukielekea kusini, iko kushotoni. Kwa hiyo usiandike "kulia" wala "kushoto" kwenye daftari lako. Andika "upande wa magharibi una nuru", utakuwa sahihi hapa, utakuwa sahihi na Marekani.

Lini ningekwambia uiache? Kama huna saa nne kwa wiki za kukaa na maswali ya mazoezi. Kozi hii haimwangushi aliyepata D; inamwangusha anayeikumbuka wiki ya mtihani, kwa sababu kila mada imesimama juu ya iliyotangulia. Ukirudi chuoni, jambo la kwanza fanya mazoezi ya vipeo vya kumi mpaka 1.5 × 10⁸ isikutishe. Na ukumbuke mwaka wa nuru ni umbali, kilomita trilioni 9.5 hivi, si muda. Nimesahihisha karatasi za kutosha maishani kujua kwamba lazima nikwambie hilo.

Mwalimu, asalaam aleikum. Binti yangu yuko chuo na ananiambia anasoma elimu ya nyota. Majirani hapa Ujiji wameanza maneno, eti mtoto anafundishwa kupiga ramli kwa ada yetu. Nimjibu nini? — Mama, Ujiji

Waalaikum salaam, dada yangu. Waambie majirani kwamba ratiba ya sala iliyobandikwa msikitini imetengenezwa kwa elimu hiyohiyo. Adhuhuri inaingia jua likishapinduka kutoka juu kabisa, na ndiyo maana yetu inaingia kama dakika 40 baada ya ile ya Dar es Salaam. Hakuna aliyepiga ramli hapo.

Kozi hiyo inatabiri, ni kweli, lakini inatabiri vitu vya kupimika. Mwezi ulipopatwa wote tarehe 7 Septemba 2025, saa zilikuwa zimeshachapishwa miaka mingi kabla: utafunikwa wote saa mbili na nusu usiku, utaanza kuachiwa saa nne kasoro dakika nane. Na ikawa hivyo.

Kuhusu nyota za magazetini, binti yako akifika mada ya mzunguko wa mhimili wa dunia atakuchekesha. Mhimili huo unayumba polepole, mzunguko mmoja kwa miaka 26,000 hivi, na tangu watu wa kale wapange zile nyota kumi na mbili mambo yameshahama. Aliyezaliwa tarehe 1 Agosti gazeti linamwita Simba. Ukitazama hasa jua lilikuwa mbele ya nyota zipi siku hiyo, lilikuwa mbele ya Kaa. Muulize jirani yako mwenye maneno mengi kazaliwa lini.

Mwalimu, mimi nina mtumbwi wa dagaa Kibirizi. Mjukuu wangu yuko chuo anasoma hiyo kozi, kila siku ananipigia simu kuniuliza mwezi umetoka saa ngapi. Hilo halinisumbui. Lakini juzi kaniambia mwezi unapungua kwa sababu kivuli cha dunia kinaufunika. Nimebisha. Yeye anasema babu hukusoma. Nani yuko sahihi? — Babu, Kibirizi

Wewe, kaka yangu. Na mjukuu akuombe radhi kabla ya mtihani, maana swali hilo halikosekani kwenye kozi ya utangulizi popote duniani na wanaokosea ni wengi.

Kivuli cha dunia siku zote kinalala upande ulio kinyume na jua. Mwezi mwandamo unauona magharibi, jua limetoka kuzama palepale. Kivuli kingeufikiaje? Kivuli kinaukuta mwezi wakati wa mwezi mpevu tu, tena si kila mwezi mpevu, kwa sababu njia ya mwezi imeinama nyuzi 5 hivi na mara nyingi unapita juu au chini ya kivuli. Kikiukuta, ndiko kupatwa kwa mwezi. Kupungua na kuongezeka kwa kila siku ni jambo jingine: nusu ya mwezi inamulikwa na jua wakati wote, ila sisi tunaiona nusu hiyo kutoka pembe tofauti kadiri mwezi unavyotuzunguka.

Mwambie pia akueleze hili unalolijua kwa tumbo lako: kwa nini baada ya mbalamwezi kali, taa zenu zilipokuwa hazivuti dagaa, giza la jioni linarudi kidogokidogo, kila usiku refu kuliko la jana. Kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine ni siku 29.5. Siku moja ina dakika 1,440. Gawanya: 48.8. Mwezi unachelewa kutoka kwa karibu dakika 50 kila siku, siku nyingine zaidi, siku nyingine pungufu. Mwezi mpevu wa Kigoma unatoka jua likizama, kama saa moja jioni. Siku tatu baadaye mna zaidi ya saa mbili za giza kabla haujachomoza nyuma ya vilima. Wewe unazitumia saa hizo kutega. Yeye anatakiwa azieleze kwenye karatasi. Mkikaa pamoja jioni moja, kazi yake ya mwezi itakwisha vizuri.

Mwalimu, niko Tabora mjini, nategemea kuanza kozi hii mwakani. Kuna mtu anauza darubini ya plastiki, boksi limeandikwa inakuza mara 500. Ninunue? — Msomaji, Tabora

Usinunue. Kazi ya darubini ni kukusanya nuru, na nuru inakusanywa na upana wa kioo cha mbele. Kwa kila milimita ya upana huo unapata ukuzaji wa maana wa mara mbili hivi, basi. Kioo cha milimita 60 mwisho wake ni mara 120. Hiyo 500 ya kwenye boksi itakuonyesha ukungu mkubwa.

Kozi ya utangulizi haikudai darubini. Ukiwa na fedha, tafuta darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7×50 au 10×50: namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo kwa milimita. Egemeza viwiko ukutani ili mikono isitetemeke. Utaona mashimo ya mwezini, utaona Kilimia kikigeuka kuwa nyota nyingi badala ya sita au saba, na pembeni ya Mshtarii utaona zile nukta ambazo Galileo aliziona Januari 1610, miezi yake mikubwa minne, ukibahatika yote kwa pamoja. Fedha ikiwa haipo, programu ya Stellarium ni ya bure kwenye kompyuta, ila ukiifungua hakikisha umeiwekea Tabora. Ukiiacha na mji mwingine itakuonyesha anga la mji huo. Anga letu zuri la kiangazi ni Juni na Julai, Njia Nyeupe ikiwa juu kabisa usiku, kabla moshi wa kuchoma pori haujatanda.

Na kama darubini ile ya plastiki umeshainunua, fungua boksi utazame kama kuna kioo cheusi kidogo cha kufunga kwenye tundu la jicho, kilichoandikwa ni cha kutazamia jua. Kitupe leo. Joto lote linalokusanywa na kioo cha mbele linaishia hapohapo, na kikipasuka jicho lako linakuwa limebandikwa nyuma yake.